Chura wa Ukaguru asiyelia: vyura wanatafutanaje bila sauti?

Kuna methali ambayo wanasiasa wetu wanaipenda kupita kiasi: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe tumwache kwanza. Leo tumwangalie chura, kwa sababu methali inachukulia kwamba chura lazima apige kelele. Kwa aina nyingi ni kweli kabisa. Lakini Februari 2023 jarida la PLOS ONE lilichapisha maelezo ya aina mpya ya chura kutoka Milima ya Ukaguru, mkoani Morogoro, ambaye madume wake hawajasikika wakilia hata mara moja. Jina lake la kisayansi ni Hyperolius ukaguruensis. Ni mdogo, mwenye rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, na kooni ana vijimiiba.

Sasa wewe uliye Kayanga au Nkwenda utauliza: Ukaguru kuna nini kinachotuhusu sisi wa Kagera? Kinachotuhusu ni kwamba ndugu zake wamejaa huku kwetu. Usiku wa masika, mvua ikishakatika, zile sauti nyembamba zinazopanda kutoka bondeni kwenye matete na mafunjo, nyingine kama kengele ndogo, nyingine kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko, sehemu yake kubwa ni vyura wa matete, yaani wale wadogo wa jenasi ya Hyperolius. Hawa wa kwetu wanapiga kelele hadi mgeni anashindwa kulala. Mwenzao wa Ukaguru kanyamaza. Na bado wanakutana, wanapandana, wanataga, na kizazi kinaendelea. Wanafanyaje?

Kwanza, chura analiaje na kwa nini

Dume la chura wa kawaida halifungui mdomo ili lilie. Hufunga mdomo na pua, kisha husukuma hewa kutoka mapafuni kuja mdomoni. Hewa ikipita kwenye nyuzi za sauti zinatetemeka, na ule mfuko wa ngozi chini ya koo hujaa kama puto. Kisha hewa inarudi mapafuni na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana anaweza kulia usiku kucha bila kupoteza pumzi. Hewa ni ileile inakwenda na kurudi.

Anayelia ni dume. Anasema mambo mawili kwa wakati mmoja: kwa majike, "mimi ni wa aina yako, nipo hapa, njoo", kwa madume wenzake, "hili tete lina mwenyewe". Jike husikiliza na kuchagua. Hili la kuchagua ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwenye bwawa moja la msimu wa mvua mnaweza kukuta aina tano au sita za vyura wanalia pamoja gizani. Kila aina ina mlio wake, na sikio la jike limeumbwa kusikia vizuri zaidi mlio wa aina yake. Akikosea, mayai ya mwaka mzima yanaweza kupotea bure. Kwa hiyo mlio si wimbo tu wa mapenzi, ni kitambulisho.

Na kitambulisho hicho kina gharama. Kulia kunakula nguvu nyingi sana, pengine kuliko kazi nyingine yoyote ambayo dume anafanya maishani mwake. Halafu sauti haichagui msikilizaji. Huko Panama yuko popo aitwaye Trachops cirrhosus ambaye huwinda vyura kwa kufuata milio yao: dume anaita mchumba, anakuja popo. Kwa hiyo ukimwona chura amenyamaza, swali la kwanza si "ana kasoro gani?" bali "ameokoa nini, na badala ya sauti anatumia nini?"

Miiba kooni

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Lucinda Lawson wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walikwenda Ukaguru wakimtafuta chura mwingine kabisa. Yule waliyekuwa wanamtafuta ana jina ambalo Mswahili yeyote atalielewa bila kamusi: Churamiti maridadi. Ni chura wa mitini, aliyepewa jina mwaka 2002, na anajulikana kwa vielelezo viwili tu. Walichorudi nacho ni kile ambacho hawakukwenda kukitafuta: chura wa matete mwenye miiba, ambaye hakulingana na aina yoyote iliyokwisha kuelezwa.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "mpya", maana linaleta ubishi kila mara tukiandika habari kama hizi. Chura huyu hakuzaliwa mwaka 2023. Amekuwepo Ukaguru kwa muda ambao sisi binadamu tukiupigia hesabu tunachoka. "Mpya" maana yake ni kwamba sayansi ilikuwa haijampa jina. Kumpa jina kuna utaratibu: unapima mwili wake, unamlinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa makumbusho, unasoma vinasaba vyake na kuvilinganisha na vya ndugu zake, kisha unaandika maelezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyahakiki. Kielelezo kimoja kinawekwa makumbusho kuwa kipimo cha jina hilo. Siku yoyote mtu akisema "nimempata ukaguruensis mwingine", atalinganisha na hicho.

Chura huyu yumo kwenye kundi dogo la vyura wa matete wenye miiba kooni. Wa kwanza kuelezwa ni Hyperolius spinigularis, wa Mlima Mulanje nchini Malawi, mwaka 1971. Wengine karibu wote ni wa Tanzania, na ukiwaangalia kwenye ramani utaona jambo la kupendeza: kila mlima na wake. H. tanneri yuko Usambara Magharibi. H. minutissimus yuko Udzungwa na Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2015 walielezwa watatu kwa mpigo: H. burgessi, ambaye Amani ya Usambara Mashariki ni mojawapo ya makazi yake, H. davenporti wa Milima ya Livingstone, na H. ukwiva wa Rubeho. Kisha 2023 Ukaguru nayo ikapata wake. Milima hii mingi ni ya lile Tao la Mashariki, linaloanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Juu kuna misitu ya mawingu, yenye baridi na unyevu. Chini kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu. Kwa chura mwenye urefu wa kidole gumba na ngozi inayokauka haraka, nyika hiyo ni bahari. Waliobaki upande huu hawakuvuka tena upande ule, na vizazi vikapita hadi kila kundi likawa aina yake.

Turudi kooni. Vijimiiba hivi viko kwa madume, kwenye ule mkunjo wa ngozi unaofunika mfuko wa sauti. Ni vidogo, unavihitaji lenzi ili uvione vizuri. Mpangilio wake si uleule: aina moja vimetapakaa, nyingine vimekusanyika, vingine ni vinene zaidi. Watafiti wanavitumia kutofautisha aina hizi, na ndipo dhana ikazaliwa: kama macho ya mtafiti yanaweza kutofautisha, huenda ngozi ya jike nayo inaweza. Vyura wakipandana, dume humkumbatia jike kwa nyuma, na koo lake hulala juu ya mgongo wa jike. Miiba inagusa ngozi. Lawson alifananisha jambo hili na maandishi ya nukta nundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole: jike "anasoma" kwa mgongo kama huyu ni wa aina yake au la.

Ni dhana nzuri, na naipenda, ila tuiite kwa jina lake: dhana. Kuithibitisha kunahitaji mtu awape majike nafasi ya kukutana na madume wenye miiba na madume ambao miiba yao imefunikwa, aone nani anakubaliwa na nani anarushwa teke. Mimi pia najiuliza kama jibu lote liko kwenye miiba. Mguso unafanya kazi mkishakutana. Lakini mnakutanaje mwanzo? Labda dimbwi ni dogo na wote wanajua njia ya kulifikia, kama watu wanaokutana gulioni bila kupigiana simu. Sauti inahitajika zaidi pale mnapotafutana mbali. Kama kila mtu anakuja palepale msimu uleule, unaweza kuokoa nguvu zako, na popo wakakupita.

Mayai juu ya jani, na mnafiki wa Amani

Kuhusu uzazi wa kundi hili, tunachokijua vizuri zaidi kinatoka Amani, wilayani Muheza, Tanga. Vyura wa pale zamani waliitwa spinigularis. Leo ni burgessi. Jike hataga majini. Hubandika mayai juu ya jani linaloning'inia juu ya dimbwi, yakiwa ndani ya ute. Kiinitete hukua humo, na siku ikifika viluwiluwi hupasua ute na kudondoka majini, tone kwa tone.

Ukisikia hivyo unaona ni akili sana, maana samaki na wadudu wa majini hawayafikii mayai. Ila juu nako si salama. Kuna nzi ambao mabuu yao hula mayai hayo. Na kuna chura mwingine mdogo, Afrixalus fornasini, ambaye watafiti Robert Drewes na Ronald Altig walieleza mwaka 1996 kwamba hula mayai ya vyura wenzake bwawani hapo. Cha kuchekesha (kama wewe si mzazi wa mayai yale) ni kwamba Afrixalus yeye mayai yake hayaachi wazi: hukunja jani na kuligandisha, mayai yakafichwa ndani kama maandazi kwenye gazeti. Yake kayafunga, ya mwenzake anakula.

James Vonesh, mwanaikolojia kutoka Marekani, alilifuatilia suala hili Amani mapema miaka ya 2000. Aligundua kwamba mayai yanayoshambuliwa hayasubiri tu kuliwa. Viinitete vilivyosalia huanguliwa mapema kuliko vile ambavyo havikuguswa. Yaani kiumbe ambaye hajawa hata kiluwiluwi kamili anatambua hatari na kuruka majini kabla ya wakati. Anayeruka mapema anaanza maisha akiwa mdogo, na majini wapo wana wa kereng'ende wanaomsubiri. Lakini kwa kuwa ndugu zake wengi wameshaliwa, chakula ni kingi kwa waliobaki, na wanakua haraka.

Utashangaa kiinitete anajuaje. Kwa chura wa Amerika ya Kati anayeitwa Agalychnis callidryas, mtafiti Karen Warkentin alionyesha kwamba kiinitete husikia mtetemo: nyoka akiyatafuna mayai wanaanguliwa kwa haraka, mvua ikiyapiga wanatulia. Mtetemo wa nyoka na mtetemo wa mvua wanautofautisha wakiwa bado ndani ya yai! Kwa hiyo tukizungumzia mawasiliano ya vyura, tusifikirie sauti za hewani tu. Mguso na mtetemo ni sehemu ya lugha hiyo tangu siku za kwanza.

Penye kelele za maji

Wapo vyura wengine ambao shida yao si ukimya bali makelele, na si yao. Jaribu kuongea na mwenzako mkiwa mmesimama chini ya maporomoko. Mtapiga kelele, mtaishia kuoneshana kwa mikono. Vyura wanaoishi kwenye vijito vya milimani wako katika hali hiyo maisha yao yote, na wamepata suluhisho zilezile mbili.

La kwanza ni kupandisha sauti. Kelele za maji zimejaa zaidi sauti nzito. Ukilia kwa sauti nyembamba sana, unapita juu yake. Mwaka 2006, kwenye jarida la Nature, Albert Feng na wenzake walieleza chura wa vijito vya China, Odorrana tormota, anayelia hadi juu ya kilohezi 20, yaani zaidi ya mwisho wa uwezo wa sikio la binadamu, na madume wenzake wanamsikia na kumjibu. Kabla ya hapo tulijua popo na pomboo, si chura. Baadaye akapatikana wa pili, Huia cavitympanum wa Borneo.

La pili ni mkono, au kwa chura, mguu. Haohao wa Borneo wana majirani wa jenasi ya Staurois ambao dume hukaa juu ya jiwe katikati ya maporomoko, hunyoosha mguu wa nyuma na kutandaza vidole. Utando wa vidole una rangi inayong'aa. Anapunga bendera. Maji yapige kelele yatakavyo, bendera inaonekana.

Kwetu Tanzania wakazi halisi wa maporomoko ni vyura wa jenasi ya Arthroleptides. Yupo A. martiensseni wa Usambara, anayejulikana kisayansi tangu 1911, na A. yakusini, aliyepewa jina mwaka 2002 (ndiyo, ni Kiswahili hichohicho: "ya kusini"). Wanataga kwenye miamba inayorushiwa matone, na viluwiluwi wao hawaogelei dimbwini kama tunavyochora shuleni. Wananing'inia kwenye uso wa mwamba uliolowa, wakikwangua ukungu wa kijani, mkia mrefu nyuma. Ukipita haraka utadhani ni vijusi vya mjusi. Ndugu yao wa karibu zaidi na Kagera alikuwa Mlima Elgon, upande wa Kenya: Arthroleptides dutoiti. Mara ya mwisho kuonekana ni 1962.

Kihansi: madume wawili walisikika

Nilijua nikiandika kuhusu chura na maporomoko lazima nifike Kihansi, maana ndiye chura wa Tanzania ambaye hata mtu asiyejali vyura amewahi kumbishania kijiweni. "Eti umeme ukatike kwa sababu ya vyura?" Tuiweke habari yenyewe sawa.

Nectophrynoides asperginis aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, Udzungwa, wakati bwawa la umeme linajengwa. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yanayoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Hataga mayai wala hana kiluwiluwi wa nje: mbegu huingia ndani ya mwili, watoto hukua tumboni mwa mama, na huzaliwa wakiwa vyura kamili wa milimita 5 hivi. Duniani kuna zaidi ya aina 7,000 za vyura, na wanaozaa namna hii hawafiki asilimia 1. Wengi wa hao wachache ni wa Tanzania. Mwana zoolojia Gustav Tornier alilitangaza jambo hili Berlin mwaka 1905, kwa chura aliyekusanywa nchini wakati wa Wajerumani. Na orodha bado inaongezeka: mwaka 2025 walielezwa watatu wengine, N. saliensis, N. luhomeroensis na N. uhehe, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye vinasaba vya vielelezo vilivyokaa kwenye chupa za makumbusho zaidi ya miaka 100.

Mtambo wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulipoanza kazi, maji ya maporomoko yalipungua kwa takriban asilimia 90. Mvuke ukaisha. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa bustani za wanyama Marekani, kwanza Bronx, New York. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga mvuke, na idadi ikapanda tena hadi karibu 20,000 katikati ya 2003. Halafu ndani ya miezi michache wakaporomoka. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi za vyura na ameua vyura duniani kote, alikuwa ameingia. Januari 2004 watafiti waliona vyura watatu tu, na wakasikia madume wawili wakilia.

Wakasikia. Hapo ndipo ninapotaka usimame nami. Kwenye mwamba wenye ukungu, mabonde ya majani na chura wa sentimita mbili, sikio ndilo lililowaambia watafiti kwamba bado wapo wawili. Inashangaza zaidi ukijua kwamba chura wa Kihansi mwenyewe hana kiwambo cha sikio wala ile nafasi ya hewa ya sikio la kati. Sikio la ndani analo, na anawasiliana kwa sauti. Kundi la Feng, walewale wa China, walikuja kurekodi madume waliofugwa Marekani, kwa sababu ukiishi kando ya maporomoko watu lazima wajiulize kama nawe umepandisha sauti. Wakati huo porini hapakuwa na wa kurekodi. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam kwenye maabara ya chuo kikuu, na mwishoni mwa 2012 kama 2,000 wakarudishwa korongoni. Kumrudisha chura ambaye ameshatoweka porini hakukuwahi kufanyika kabla ya hapo.

Sasa jiulize: ingekuwa Ukaguru? Chura asiyelia akipungua, hakuna jioni ambayo mwanakijiji atasema "mbona siku hizi kimya?" Kimya chake ni kilekile akiwa elfu moja au akiwa mmoja. Vipimo vingi vya vyura barani Afrika vinategemea masikio: unasimama bwawani usiku, unahesabu milio. Siku hizi tunaacha vinasa sauti msituni wiki nzima, kisha kompyuta inatambua nani alilia. Njia nzuri, rahisi, na kwa chura wa Ukaguru haina maana yoyote. Yeye anataka mtu mwenye tochi, magoti kwenye tope, anayegeuza jani baada ya jani.

Ukitaka kwenda bondeni mwenyewe

Wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa wakati mwingine wanadhani baolojia ya maana inafanyika Tao la Mashariki tu. Si hivyo. Mabonde yanayoshuka kwenda Mto Kagera yana vijito, chemchemi, mafunjo na madimbwi ya msimu, na kazi ya kuangalia inaweza kuanza na simu ya kawaida.

Nenda baada ya mvua, kati ya saa moja na saa nne usiku, na usiende peke yako. Ukingo wa Mto Kagera wenyewe uache: viboko na mamba hawajui kwamba wewe ni mwanasayansi. Ndani ya Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa huingii bila kibali. Lakini dimbwi la nyuma ya shamba la migomba ni la kwenu. Fika, zima tochi, nyamaza dakika tano. Vyura waliokatisha kwa ajili yako wataanza tena. Rekodi dakika mbili, taja kwa sauti mahali, tarehe na saa mwishoni mwa rekodi hiyohiyo, kisha washa tochi utafute. Picha na sauti unaweza kuziweka kwenye iNaturalist, ambako watu wanaojua vyura wa Afrika huzipitia.

Usimshike chura bila sababu, na kamwe usimhamishe kutoka kijito kimoja kwenda kingine. Kabla ya kwenda bonde la pili, sugua tope kwenye viatu na uviache vikauke kabisa juani. Kuvu wa kitridi hapendi ukavu. Watu wa Kihansi walilijua hilo kwa gharama kubwa.

Halafu, ukishawahesabu wanaolia, tumia muda uleule kuwatafuta wasiolia. Angalia chini ya majani yanayoning'inia juu ya maji: ute wenye nukta nyeusi au za kijani ni mayai, na yanakuambia kuna jike alipita hapa hata kama hukusikia mtu. Andika umbali wake kutoka kwenye maji. Ukimkuta chura ametulia kwenye tete, piga picha ya mgongo, ya ubavu, halafu inama upige na ya koo kutoka chini. Hiyo ya koo ndiyo wengi wetu husahau.